Katavi Imefunguka kwa Nani, Jamani?

Haya wadau, leo tuambizane ukweli. Kuna staa mmoja hapa mjini, jina kapuni maana ana timu kubwa na mimi sina nguvu ya kutukanwa wiki hii, katupia picha akiwa Hifadhi ya Taifa Katavi. Kofia pana, miwani, viboko nyuma yake wamelundikana kwenye tope. Kepsheni inatuambia Katavi sasa imefunguka, asiyekwenda ni uvivu wake tu. Laiki kama mvua.

Imefunguka kwa nani?

Maana wengi wa aina yake wanafika hivi: ndege ndogo inakushusha kiwanja cha Ikuu, humo humo hifadhini. Gari la kambi linakusubiri. Unalala siku tatu, unapiga picha, unapaa. Mpanda mjini hujaiona hata kwa mbali. Mama ntilie wa stendi hajauza sahani, bodaboda hajapata abiria, muuza asali hajafungua hata dumu moja. Halafu unarudi Dar kutusimulia "maendeleo ya Kusini Magharibi". Acha hizo.

Sikatai, miundombinu imekuja. Lami kutoka Tabora kupitia Koga hadi Mpanda ipo. Kutoka Sumbawanga pia unateleza. Uwanja wa ndege upo. Kule Karema, Ziwa Tanganyika, imejengwa bandari ya zaidi ya shilingi bilioni 47, na kwenye ramani ya SGR kuna tawi la Kaliua, Mpanda hadi huko huko Karema. Safi kabisa. Ila sikiliza hesabu zinavyopigwa kila zikitajwa: tani, makontena, soko la Congo. Mzigo, mzigo, mzigo.

Na si leo. Reli ya Mpanda yenyewe ilifika 1950 kwa sababu ya madini ya risasi. Madini yakachimbwa, yakasombwa, mgodi ukafa, watu wakabaki na treni. Kwa hiyo tukisema Katavi inajengewa njia ya kupitisha vitu, tunaongea kitu chenye historia. Ni lini tutajenga ili mtu ashuke, alale, ale, atumie hela yake?

Cha kushukia kipo, tena cha maana. Wangapi mnajua kwamba Karema ni moja ya vituo vya kwanza vya Wazungu Ziwa Tanganyika? Wabelgiji wa Mfalme Leopold wa Pili waliweka kambi hapo 1879, na mwaka huo huo wakaleta tembo wanne kutoka India eti wabebe mizigo kutoka pwani. Tembo! Kwenye nchi yenye tembo wake! Wengine hawakufika hata Karema. 1885 wakakabidhi kituo kwa mapadre, White Fathers. Mwaka 1889 akaja Adrian Atiman, mtoto wa Afrika Magharibi aliyeuzwa utumwani, akakombolewa, akasomeshwa udaktari Malta. Akatibu watu Karema mpaka alipofariki 1956. Zaidi ya miaka 60 kijijini! Nchi nyingine wangeshatoa filamu mbili na fulana.

Na ndani ya hifadhi, karibu na Ziwa Katavi, kuna mkwaju unaoaminika kuwa na mzimu wa Katabi, yule mwindaji aliyeipa hifadhi jina. Watu huacha sadaka pale. Staa wetu kapita, kapiga viboko.

Sasa kuna kundi la pili, wale wanaojiita mabalozi wa utalii (na hao majina nayahifadhi). Wao dawa yao ni moja: "tuitangaze." Utangaze nini kwa mtu ambaye akishuka stendi Mpanda hajui gari la Sitalike analipandia wapi? Sitalike ni kama kilomita 35 tu. Anzeni hapo. Dawati la wageni stendi na stesheni, vijana wa Mpanda wafundishwe historia yao walipwe kuongoza watu. Basi la bei ya kawaida la kwenda kuona viboko wa Mto Katuma na kurudi siku hiyo hiyo. Barabara ya Karema inapopigiwa mahesabu, waingize na abiria, vibao, mahali pa kupumzika, soko la migebuka. Ukilinganisha na pesa ya gati, hizo ni chenji.

Msiniambie watalii wa ndani hawapo. Ni sisi. Ni mimi na wewe tunaochanga elfu hamsini hamsini kwenda Bagamoyo kila sikukuu.

Na wewe staa wangu, safari ijayo usishukie Ikuu. Panda treni kutoka Tabora, shuka Mpanda, nenda Karema kwa gari la abiria. Uende laivu njia nzima, bila kukata. Halafu utuambie choo ulikipata wapi.