Theluji Ikianguka, Nani Akatwe Mshahara?



Liko jambo la Marekani ambalo latuhusu sisi wa reli. Huko mashambani Minnesota, wakati wa baridi, mkuu wa shule za wilaya huamka usiku, akatazama barabara, akauliza madereva wa mabasi, kisha akaamua kama watoto waje au wakae kwao. Ni kazi ngumu, hatumcheki. Tarehe 6 Januari 2014 baridi ilizidi hata Gavana Mark Dayton akafunga shule za jimbo zima.

Lakini shule ikifungwa, nani alipia? Mkuu ana mshahara wa mwaka. Dereva na mpishi hulipwa kwa saa. Mwaka 2017 ikaja sheria ya kufundisha kwa intaneti, mpaka siku 5 kwa mwaka. Mwalimu akafundisha kutoka kwake, siku ikahesabiwa. Basi je, laendeshwa kwa intaneti? Chakula chapikwa humo? Saa za dereva ziliweza kupotea kabisa, hata mwaka 2023 sheria ikalazimisha wilaya kuwalipa wote.

Sisi twalijua jambo hili. Mvua ikichukua tuta la reli, kibarua wa kupakia mizigo huambiwa aende zake mpaka aitwe, na bwana mkubwa aliyetoa amri hakatwi hata senti moja. Mvua hatukuiita sisi! Twataka mapatano yajayo yaandike wazi: siku iliyofungwa kwa mvua ni siku ya kazi, kwa kibarua na karani sawasawa.