Matela ya matrekta nayo yatunzwe



Naomba nafasi nitoe dukuduku langu kuhusu matela ya matrekta huku Meru. Trekta hutunzwa, lakini tela husahauliwa mpaka liue.

Mwaka jana nikiteremka na mahindi kuelekea Usa River, gurudumu la tela lilichomoka. Breki halikuwa nayo, likawa linanisukuma. Niliegemeza trekta kwenye ukingo wa barabara, ndipo nikapona. Fundi alikuta beringi zimekauka na ekseli imelika, kwani tulivuka mto kila siku bila kubadilisha grisi.

Madereva wenzangu, tuinue tela kwa jeki, tuzungushe gurudumu na kusikiliza. Likikwaruza, beringi zifunguliwe, zioshwe na kupakwa grisi mpya. Tairi lililopasuka ubavuni kwa jua lisibebeshwe mzigo, hata kama meno bado yapo.

Naiomba CAMARTEC, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1981 na iliyopo hapa hapa Arusha, iwafundishe mafundi wa vijijini kazi hii. Nao wenye matela wafunge breki. Anayebania fedha ya grisi anachezea roho ya dereva wake.

Dereva wa Trekta,
Usa River, Arusha.