Cazorla alirudi La Liga, lakini enka yake ina somo zito

JUMAMOSI ya Juni 21, 2025, Real Oviedo ilikuwa nyuma kwa jumla ya mabao 2-0 dhidi ya Mirandes, kwenye fainali ya mchujo wa kusaka tiketi ya La Liga. Ikapatikana penalti. Aliyeuchukua mpira na kuuweka kwenye nukta ni mkongwe wa miaka 40, Santi Cazorla. Kambani.

Oviedo ikapindua meza, ikashinda 3-1 ndani ya dakika 120 na kupanda kwa jumla ya mabao 3-2. Ilikuwa imepita miaka 24 tangu timu hiyo icheze Ligi Kuu ya Hispania.

Mashabiki wa Arsenal wanamjua vizuri fundi huyu wa miguu yote miwili. Wanachosahau wengi ni kwamba mguu wake wa kulia ulibaki kidogo tu ukatwe.

JERAHA LA 2013
Watu wengi huhesabu balaa la Cazorla kuanzia Oktoba 19, 2016, siku Arsenal ilipoichapa Ludogorets 6-0 kwenye Ligi ya Mabingwa Ulaya. Alitoka uwanjani kipindi cha pili na hakuichezea tena Arsenal mechi ya mashindano.

Lakini ishu ilianza mbali. Septemba 2013, kwenye mechi ya kirafiki kati ya Hispania na Chile, alipigwa teke kwenye enka na mfupa ukapata ufa. Jamaa akaendelea kukipiga.

Mwenyewe alishasimulia ilivyokuwa. Mwili ukiwa na joto, maumivu yalivumilika. Ikifika mapumziko, mguu ukipoa, alikuwa analia. Kipindi cha pili anarudi uwanjani hivyo hivyo.

Hapo ndipo penye kazi. Enka inabeba uzito wote wa mwili kila mchezaji anapogeuka, anaporuka na anapopiga shuti. Ikiuma, bila kujua unaanza kukanyaga vibaya, na mzigo unahamia kwenye kano na misuli ya jirani. Jeraha dogo lisilopumzishwa haliponi, linajificha tu.

KISU JUU YA KISU
Alipofanyiwa upasuaji mwishoni mwa 2016, kidonda kiligoma kufunga. Kikishonwa, kinaachia. Akarudishwa tena na tena chumba cha upasuaji, hesabu ikapita mara nane.

Baadaye ikagundulika bakteria walikuwa wameingia na kula mfupa wa kisigino pamoja na kano ya Achilles, ambayo ilipotea kwa sentimita 8 hivi. Kuna daktari alimwambia akiweza kutembea na mwanawe bustanini, ashukuru Mungu. Arsene Wenger alisema hajawahi kuona jeraha baya kama lile.

Aliyemwokoa ni daktari Mikel Sanchez wa Vitoria, Hispania. Alisafisha maambukizi, akaitengeneza upya kano, na kuziba kidonda kwa ngozi iliyotolewa mkono wa kushoto. Ngozi hiyo ilikuwa na tatuu ya jina la binti yake, India. Sasa kipande cha jina hilo kiko kwenye enka.

Halafu ikaja kazi ambayo haina kamera: mazoezi ya tiba mjini Salamanca, siku baada ya siku, kujifunza upya kukanyaga, kukimbia na kugeuka. Julai 17, 2018 alirejea kwenye mechi ya kirafiki akiwa na Villarreal, siku 636 tangu ile ya Ludogorets. Januari 2019 akaipiga Real Madrid mabao mawili katika sare ya 2-2. Mwaka huo huo akaitwa tena timu ya taifa.

Akapita Al Sadd ya Qatar, kisha 2023 akarudi Oviedo, klabu iliyomlea, kwa mshahara wa kima cha chini.

SI KILA MTU NI CAZORLA
Stori hii ni tamu, ila isimdanganye mtu. Marco van Basten, mshindi wa Ballon d'Or mara tatu, naye alikatwa enka mara kadhaa. Mechi yake ya mwisho ilikuwa fainali ya Ulaya ya 1993 AC Milan ilipolala 1-0 kwa Marseille. Alikuwa na miaka 28 tu. Alihangaika miaka miwili, mwisho akatundika daluga.

Hawa wote walikuwa na madaktari wakubwa na klabu tajiri. Dogo wa mchangani anayefunga bandeji, anakandwa maji ya moto na kuambiwa "komaa, leo kuna dabi", hana Vitoria wala Salamanca ya kukimbilia. Hata kwenye ligi kubwa za hapa nyumbani, mchezaji anayesema enka inauma anahofia kupoteza namba, na shabiki ni wa kwanza kumwita mvivu.

Sindano ya kutuliza maumivu inanyamazisha kengele, moto unabaki pale pale. Wiki sita za kukaa jukwaani zinaonekana nyingi hadi mchezaji akutane na siku 636.

Cazorla amefunga penalti ya maisha yake akiwa na miaka 40. Lakini miaka aliyokula jeraha, kati ya 31 na 33, hakuna klabu inayoweza kumrudishia.