Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Jimbo la Tshopo: kabla ya seli, kidonge

Mheshimiwa Waziri,

Habari imetufikia kwenye simu za vijana: huko Marekani madaktari wanapandikiza seli ndani ya ubongo wa wagonjwa wa kifafa. Wazazi wanauliza tiba hiyo itafika lini Kisangani.

Habari ni ya kweli. Mwaka 2022 kampuni ya Neurona Therapeutics ilianza kuwajaribia wagonjwa seli za neva za kutuliza, zilizokuzwa maabara kutokana na seli shina. Huingizwa mara moja tu, kwa sindano, hadi kwenye hipokampasi, sehemu ya ubongo ambako kifafa cha wagonjwa hao huanzia. Zikishika, hutoa GABA, kemikali inayozuia neva zisiwake zote kwa pamoja. Baadhi ya waliozipata sasa wanaanguka mara chache sana kuliko zamani. Bado ni majaribio; mtu akija hapa kuuza "seli", akamatwe.

Ila wanaopokelewa kwenye majaribio hayo ni wale walioshindikana kwa dawa, na madaktari hawasemi hivyo mpaka dawa mbili zinazofaa ziwe zimemezwa sawasawa bila mafanikio. Hapo ndipo tunapokwama. Fenobarbitali, dawa ya kifafa, ikiisha kituoni, mama anaambiwa arudi juma lijalo, na kumbe kuikatiza ghafla kunaweza kumletea mtoto mishtuko mfululizo inayoua. Kwa mtoto kama huyo nani atajua kama dawa imeshindwa? Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba dawa ya mwaka mzima inaweza kugharimu dola 5, na kwamba wagonjwa 70 kati ya 100 wangeishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo. Dola 5, Mheshimiwa! Hata bajeti yetu ya jimbo inaziweza.

Kuna pia jambo la kwetu hasa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta kifafa kwa wingi katika vijiji vya Bas-Uele, Tshopo na Ituri vyenye upofu wa mto. Usubi anayeeneza minyoo yake huzaliana kwenye maji ya kasi, na maji hayo tunayo tele. Namna minyoo hiyo inavyoleta kifafa wataalamu bado wanabishana, lakini Maridi, Sudan Kusini, hawakungoja ubishi uishe. Walifyeka majani kwenye bwawa ambako usubi walizaliana, wakaimarisha ugawaji wa ivermektini, dawa ya minyoo hiyo, na wagonjwa wapya wakapungua. Dawa hiyo kampuni ya Merck inaitoa bure tangu 1987. Kinachobaki ni kuifikisha, na sisi tunaomba igawiwe mara mbili kwa mwaka.

Tunaomba pia fenobarbitali isikatike, na kila eneo la afya liwe na daftari la wagonjwa wa kifafa: nani anameza nini, tangu lini, ameanguka mara ngapi. Daftari hilo ndilo litakalotuonyesha wale wachache walioshindikana kweli kwa dawa, ili siku tiba ya seli ikikubaliwa tuwe na majina ya kupeleka.

Na redio zetu zitangaze, kwa Kiswahili na Kilingala, kwamba povu la anayeanguka haliambukizi. Watoto wanaungua motoni na kuzama mtoni huku watu wazima wamesimama kando wakiogopa kuwagusa.

Tunangoja jibu lako, hadharani kama barua hii.

Mkazi wa Kapalata, Kisangani