Tusindikizane Mpaka Dawatini

Hebu tujiulize. Mtoto wa jirani akija leo kukueleza jambo zito alilofanyiwa, utampeleka wapi?

Wengi wetu tunaijua kaunta ya polisi. Ndipo tunapotoa taarifa ya simu iliyopotea au kitambulisho kilichodondoka kwenye daladala. Kuna foleni pale, na aliye nyuma yako anasikia kila neno. Simu iliyopotea inasemeka mbele za watu. Kipigo cha nyumbani hakisemeki. Ubakaji wa mtoto, ndiyo kabisa.

Kwa sababu hiyo Jeshi la Polisi hapa Tanzania liliweka Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vyake. Dawati ni jina tu. Nafasi ikiruhusu, ni chumba cha faragha chenye askari aliyefunzwa kusikiliza mambo haya taratibu. Hapo mtapewa fomu ya PF3 ya kwenda nayo hospitali, na jalada litafunguliwa. Akina baba nao wanapokelewa. Anayepigwa nyumbani asione haya kwenda.

Lakini askari yule hajui kinachotokea chumbani kwetu mpaka aambiwe. Saa za mwanzo ziko mikononi mwetu.

Mama akimwona mwanawe ameumizwa, mkono wake hukimbilia maji na sabuni. Anataka amwogeshe, amfulie, amwondolee uchungu ule. Ni huruma ya mzazi, naielewa. Tafadhali mama, subiri kidogo. Usimwogeshe, na nguo zile usizifue. Zifunge kwenye bahasha ya kaki au karatasi safi, siyo mfuko wa plastiki, maana unyevu ukifungiwa ndani huharibu ushahidi. Mfunike mtoto kanga safi, mwondoke. Kama ameumia vibaya, kimbilieni hospitali kwanza. Dawa za kumkinga na maambukizi ya VVU hazina budi kuanza ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa zaidi.

Na wewe jirani? Je, unaweza kubaki na wadogo zake? Kuchangia nauli? Kukaa na mama yake kwenye benchi, hata bila kusema neno? Mama aliyesindikizwa hageuki njiani.

Kisha kuna mahakama. Kesi huahirishwa, leo na tena mwezi ujao, na shahidi akichoka kesi inalegea. Ndugu mwajiri, fundi wako akiomba ruhusa kwenda kutoa ushahidi, mpe, na siku hiyo usimkate. Wewe wa bodaboda, mpeleke hata kwa nusu nauli.

Wazee wangu, najua tunapenda kuyamaliza nyumbani. Ugomvi mwingi kweli huisha kwa kikao na chai. La mtoto aliyeumizwa tuliache liende Dawatini, nasi tubaki na kazi ya kumfariji.

Leo jioni wafundishe watoto namba 116, simu ya huduma kwa mtoto. Kupiga ni bure. Waikariri kama wanavyokariri jina la mtaa wao. Na kesho ukipita karibu na kituo chenu, ingia, salimia, uulize Dawati liko mlango gani.