Mcheza Kwao Hutuzwa, Lakini kwa Lugha Gani?

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutuzwa. Hawakutaja, hata hivyo, kwamba tuzo yenyewe yaweza kutolewa kwa lugha isiyoeleweka na wengi wa hao wa kwao. Ndivyo tunavyowatuza wanazuoni wetu waliotumia umri wao kuunda sera za sayansi na ubunifu. Maoni yangu ni kwamba heshima hiyo haitatimia hadi fikra zao zisomwe na kujadiliwa kwa Kiswahili, na kwamba deni hilo linatukalia sisi wanafunzi na wahadhiri wa lugha hii.

Tumtazame marehemu Profesa Calestous Juma. Alizaliwa mwaka 1953 na kukulia Busia, kandokando ya Ziwa Viktoria. Katika miaka ya sabini alifundisha shule ya msingi mjini Mombasa, kisha akawa mwandishi wa habari za sayansi na mazingira katika gazeti la Daily Nation. Baada ya kuhitimu shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, aliasisi jijini Nairobi, mwaka 1988, kituo cha utafiti wa sera za teknolojia barani Afrika. Kuanzia mwaka 1995 hadi 1998 alikuwa Katibu Mtendaji wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Bayoanuwai, na baadaye akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Mwaka 2006 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya London. Alifariki tarehe 15 Desemba 2017, akiwa na umri wa miaka 64.

Hizo ni heshima kubwa, wala sizibezi. Lakini anayetaka kujua Juma alisema nini, si alipewa nini, sharti asome vitabu alivyoviandika kwa Kiingereza. Katika kitabu chake cha mwaka 2016 kuhusu ubunifu na maadui zake, anaonyesha kwamba watu hawapingi kitu kipya kwa ujinga tu. Aghalabu huchelea kupoteza riziki, hadhi au mila zao. Miongoni mwa mifano yake ni kahawa, iliyopigwa marufuku Makka mwaka 1511. Ni jambo la kusikitisha kwamba hoja kama hii haijawafikia wanabaraza wa Lamu na Mombasa, ambao kahawa kwao ni kiungo cha mazungumzo.

Hasara ya ukimya huu si ya wasomi peke yao. Mnamo Novemba 2012 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uagizaji wa vyakula vilivyobadilishwa jeni. Marufuku hayo yalipoondolewa Oktoba 2022, kesi zilifuata mahakamani. Sehemu kubwa ya hoja za wataalamu ilitolewa kwa Kiingereza cha maabara na cha mahakama, ilhali mkulima na mlaji waliachiwa uvumi. Simlazimishi yeyote akubaliane na Juma, ambaye aliiunga mkono teknolojia hiyo. Kumheshimu mwanazuoni si kumwitikia amina. Ni kumsoma na, inapobidi, kumpinga. Lakini atampinga vipi yule ambaye hoja zenyewe hazijamfikia?

Wapo watakaodai kwamba Kiswahili hakina istilahi za kubeba taaluma hii. Dai hilo limechakaa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Tangu mwaka 2019, majirani zetu wa Tanzania wamekuwa na mashindano ya kitaifa yanayotaja sayansi, teknolojia na ubunifu katika jina lake. Neno “ubunifu”, ambalo katika madarasa ya fasihi tumelizoea kuwa mali ya mtunzi, limekwisha kumhamia fundi na mtafiti. Tunalopaswa kufanya ni kulipambanua na “uvumbuzi”: uvumbuzi hukipata kitu kipya, ubunifu hukiingiza katika maisha ya watu. Hiyo ni kazi yetu, si ya mwanakemia.

Fauka ya hayo, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili katika Kifungu cha 7 kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na katika Kifungu cha 11 inatambua nafasi ya sayansi na teknolojia za kiasili katika maendeleo ya taifa. Vifungu hivyo viwili vinasubiri wa kuvikutanisha.

Fasihi yetu haina ugeni katika kuwaenzi watu. Fumo Liyongo hakuhitaji sanamu ili akumbukwe. Masimulizi na utenzi vilitosha. Kwa hivyo napendekeza mambo matatu. Mosi, idara zetu ziukubali wasifu wa mwanasayansi kuwa mada halali ya tasnifu ya uzamili. Pili, wanafunzi wa tafsiri wapewe sura za vitabu vya sera badala ya kurudia hadithi zilizokwisha kutafsiriwa. Tatu, jarida hili litenge kurasa chache katika kila toleo kwa kazi hizo. Tukianza na Juma, mwalimu wa Mombasa aliyefika Harvard, tutakuwa tumemtuza kwao, na kwa lugha ya kwao.