Dawa ya deni ni kulipa

Mmarekani Mweusi akikataa chanjo au akikwepa kupimwa saratani, upesi huambiwa ana dhana mbaya. Hupewa kipeperushi na mahubiri. Sisi tunasema mahubiri hayo yamekosea mlango.

Kuanzia 1932 hadi 1972, Idara ya Afya ya Umma ya Marekani iliwafuatilia wanaume Weusi wapatao 600 huko Macon County, Alabama. 399 kati yao walikuwa na kaswende. Waliambiwa wana "damu mbaya" tu. Walipewa chakula na pesa za maziko, mradi maiti ikubaliwe kupasuliwa. Walipotakiwa kuchomwa sindano ya uti wa mgongo ili maji yake yapimwe, waliandikiwa barua kwamba wanaitwa kwenye tiba maalumu ya bure. Penisilini ilipoanza kuponya kaswende miaka ya 1940, wao walinyimwa. Rais Bill Clinton aliomba radhi mwaka 1997, wengi wao wakiwa kaburini.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Na huyu nyoka hakuishia Alabama. Mwaka 2021 ndipo wataalamu wa figo nchini humo walipopendekeza iachwe fomula iliyomwongezea mgonjwa Mweusi alama kwa sababu ya rangi yake, figo mbovu ikasomeka afadhali na zamu yake ya kupandikizwa ikachelewa. Hadi leo wanawake Weusi hufa kwa saratani ya matiti kwa kiwango kinachowapita Wazungu kwa takriban asilimia 40, ingawa hawaugui zaidi yao.

Wala si kweli kwamba watu hawa hawataki kinga. Huko Oakland, California, watafiti waliwagawia wanaume Weusi madaktari kwa bahati nasibu. Waliokaa na daktari Mweusi wakazungumza naye walikubali zaidi kupimwa kisukari na kolesteroli.

Basi wajibu uko wazi. Vyuo visomeshe madaktari Weusi zaidi. Hospitali zitangaze matokeo yake kwa kila rangi bila kuficha. Anayeshika sindano aeleze ina nini, ya nini, na kwamba mgonjwa ana haki ya kukataa, kabla mkono wa shati haujapandishwa.

Dawa ya deni ni kulipa, na anayepaswa kubisha hodi ni mdaiwa.